Mtamba Mweusi na Pengo la Mbinguni

Ukingo wa Kreta, Ngorongoro
Jumapili, 11 Machi 1984

Kwako Dada Germana,

Pokea salamu zenye baridi, maana leo ukungu umeshuka mpaka kwenye sufuria. Mimi ni mzima, sura ni ileile uliyoiacha, mabega ndiyo yameongezeka. Baba mzima, ni goti tu. Mama mzima, anauliza kama huko wanakula kande. Nimemwambia hawali, ndiyo maana kwenye picha umekonda hivyo. Nawe hali yako? Masomo, theluji, na hao Wamarekani wako?

Sasa kaa vizuri nikupe habari. Mdogo wako ni mtu wa utafiti. Usicheke. Tangu Novemba niko na wapima wanyama. Nakaa ukingoni na darubini, nahesabu nyumbu walioko chini kreta, natia nukta kwenye karatasi ya miraba. Nyumbu kumi, nukta moja. Mwenzangu anaitwa Moloimet, Mmasai wa Malambo. Huyu namba za kwenye karatasi hazijui, lakini akilitazama kundi kwa macho matupu anakutajia idadi, na mimi nikimaliza kuhesabu naikuta ileile. Hilo libaki kati yetu. Kwenye fomu jina ni langu.

Kwa hiyo wote wawili tunakula kwa kuhesabu. Wewe una darubini kubwa kama kanisa, mimi yangu inaning'inia shingoni. Lakini nyota zako zimetulia zikingoja. Nyumbu wangu hawangoji mtu.

Barua yako ya Januari niliisoma nyumbani Qurus. Unajua utaratibu: Baba kwenye kigoda chake mlangoni, mimi kwenye kigoda cha kulia kwake, majirani kwenye nyasi na vibuyu vyao. Kwa kuwa Baba na Mama hawajui herufi, kigoda kile cha kulia hakuna wa kuninyang'anya. Safari hii alikuwepo hata Hamidi, yule mwenye duka Karatu, alikuja kutafuta maharage akakaa kusikiliza na chai yake.

Basi nikafika pale unaposema wamegundua pengo mbinguni, mahali pasipo galaksi, yaani vile vijiji vya nyota, pengo ambalo mwanga ukiingia upande huu unatokea upande wa pili baada ya miaka zaidi ya milioni mia mbili. Watu waliweka vibuyu chini kama wako kwenye mageuzo ya misa. Niliisoma kwa sauti ya padri, taratibu, nikiwatazama. Nilipomaliza Baba akalipiga kofi goti lake lile zima, akasema, "Huyo ndiye mtoto wangu."

Dada, niliyesoma ni mimi. Koo lililokauka ni langu. Aliyesifiwa yuko Boston.

Si kwamba nakuonea wivu. Nakueleza tu mambo yalivyokuwa.

Halafu hilo pengo lenu mimi nimeshalitatua. Juzi niliona duara tupu katikati ya nyumbu, peupe kabisa, wamelizunguka. Nikamwambia Moloimet pale hakuna kitu, tusitie nukta. Akanitazama kama anavyomtazama ndama mgonjwa. "Hakuna kitu? Pale yupo simba. Amelala." Na kweli, baada ya muda likatokea sikio. Waambie walimu wako: penye pengo pana simba. Wakikupa cheti kwa ajili ya hilo, nusu ni yangu.

Mdogo wako mwenye akili bila cheti,
Tluway


Boston, Marekani
29 Aprili 1984

Mdogo wangu Tluway,

Barua yako imenikuta na mafua, ikaniponya kwa kicheko. Theluji imekwisha, yamebaki matope, nimefurahi kuona matope. Mwambie Mama kande nimeipika mwenyewe, mahindi si yale, nimekula hivyo hivyo. Goti la Baba likandwe kwa maji ya moto.

Simba wako nimempeleka kwa mwalimu wangu. Alicheka, halafu akaacha kucheka, akasema: "Mwambie ndugu yako swali ni sahihi, jibu ndilo si lenyewe."

Sikiliza. Kwenye pengo lile galaksi hazikufukuzwa na kitu kilicholala katikati. Zamani sana vitu vilikuwa vimeenea karibu sawasawa, hapa pazito kidogo, pale pepesi kidogo. Penye uzito pakawavuta majirani, pakazidi kuwa pazito, pakavuta zaidi. Palipokuwa pepesi pakaendelea kupungukiwa mpaka pakabaki peupe. Wewe umekaa ukingoni, umewaona nyumbu wakati wa kiangazi. Wakijazana kando ya kinamasi wakaacha katikati wazi, ni nani kawafukuza katikati? Hakuna. Pembeni pana unyevu chini ya majani. Wewe huko juu unyevu huuoni, unaona migongo tu.

Na uzito unaovuta wenyewe nao hatuuoni. Kazi yangu ndiyo hiyo. Unakumbuka kombeo lako la kufukuzia ndege? Ukilizungusha kwa nguvu na uzi ni mwembamba, uzi unakatika na jiwe linakwenda zake. Nyota za pembezoni mwa galaksi zinazunguka kwa kasi hiyo ya kukatika, na wala hazikatiki. Ukijumlisha vyote vinavyong'aa, uzito hautoshi kuzishika. Kuna kitu kingine pale, kisichotoa mwanga, kizito mara nyingi kuliko vinavyoonekana. Ni kitu gani, hakuna anayejua. Mimi napima tu kasi, nione anayeshika anashika kwa nguvu kiasi gani.

Barua ya Baba iko ndani ya bahasha hii. Isome yote. Usiruke, usiongeze. Nakujua.

Dada yako,
Germana


Qurus
Jumapili, 17 Juni 1984

Dada Germana,

Salamu tele kama vumbi la huku, maana mvua mwaka huu zimetuchungulia tu zikaenda. Wote hatujambo. Goti linakandwa kwa maji ya moto kwa sababu umesema wewe. Mama alikuwa anasema jambo hilohilo tangu Krismasi, hakuna aliyemsikia, mpaka lilipotoka Marekani.

Barua ya Baba nimeisoma leo, yote, neno kwa neno kama ulivyoagiza. Umefurahi? Baba naye amefurahi. Amenirudisha mara tatu kwenye ile habari ya kombeo. Mzee mmoja akauliza, hicho kitu kizito kisichoonekana si Mungu? Baba akajibu, "Germana atatuambia, anakipima." Anakipima, anasema. Kama vile unakwenda nacho mizani.

Nilijaribu kuwaambia na mimi kuhusu nukta zangu. Nikasema hata sisi kreta tuna mapengo. Baba akasema, "Ngoja kwanza, soma tena pale pa galaksi."

Umeandika penye uzito panavuta, panazidi kuwa pazito, na palipo pepesi panapungukiwa. Mbona hiyo naijua, na sikuhitaji kupanda ndege? Ulipofaulu kwenda Fomu Wani, Baba alikupa ng'ombe. Mimi nilikuwa na miaka minane, nikapewa fimbo. Ng'ombe wako akazaa, aliyezaliwa akazaa, na fimbo yangu haikuzaa kitu. Miaka kumi na moja nimewachunga ng'ombe wa Germana. Nikiwapeleka maji watu wananiuliza, "Ng'ombe wa Germana hawajambo?" Mimi hawaniulizi. Nikaja kufeli darasa la saba, Baba akasema haidhuru, ng'ombe wa dada yako wapo, chunga. Hata sasa nina kazi ya karatasi na darubini, nikirudi likizo fimbo inaningoja mlangoni.

Ng'ombe wazima. Wangapi, usiulize, sitakuandikia. Jua tu kwamba wamekuwa zizi.

Nimefikiri sana leo nikiwa kwenye kigoda. Watu hawa wote wanayajua maneno yako kwa mdomo wangu. Nikisema Germana kasema, basi Germana kasema. Ni kazi kubwa niliyo nayo, na sikuwahi kuiona ukubwa wake.

Basi tuma barua nyingine. Tuma upesi.

Mdogo wako mwenye mdomo,
Tluway


Boston
14 Oktoba 1984

Tluway mdogo wangu,

U mzima? Mimi nina afya, moyo ndio una maswali.

Nilituma barua mbili Julai, yako na ya Baba. Wewe hukujibu. Badala yake nimepata barua ya Baba iliyoandikwa na Hamidi kwenye karatasi ya dukani, mwandiko mzuri, salamu za pwani ukurasa mzima. Mwisho Baba anasema hivi, nanakili: "Neno lako kuhusu mtamba nimelitekeleza mbele ya majirani." Halafu anasema kuanzia sasa nitumie sanduku la posta la Hamidi.

Mtamba gani? Neno gani? Kwa nini Hamidi?

Dada yako,
Germana


Ukingo wa Kreta
9 Desemba 1984

Dada,

Salamu zako zimefika, nazo naona zilikuwa fupi. Mimi ni mzima kwa mwili.

Nilitaka kukuandikia kwamba sijui kitu. Nimeandika hivyo mara mbili, nimechana mara mbili. Moloimet kaniuliza mbona leo nahesabu karatasi badala ya nyumbu. Basi sikiliza, na ukikasirika kasirika taratibu.

Kuna mtamba. Alizaliwa Februari mwaka jana, wewe umeshaondoka, kwenye uzao wa ng'ombe wako. Mweusi tii, paji jeupe, pembe ya kushoto imeanza kupinda. Mimi ndiye niliyemvuta tumboni kwa mama yake, mikono yangu hii miwili, Mama akishika taa. Sikukuandikia habari zake kwa makusudi. Nilisema moyoni, hiki kimoja Germana hakijui, hiki ni changu.

Barua yako ya Julai ilipofika, nilikaa kwenye kigoda changu cha kulia. Nikasoma salamu. Nikasoma habari za darubini ya jangwani, kwamba mlilala siku tatu bila kuona kitu kwa sababu ya mawingu. Watu wakacheka. Baba akasema, "Hata mawingu ya huko anayasimulia vizuri." Hata mawingu! Nikatazama karatasi yako, nikasoma yasiyokuwepo:

"Na tena, Baba, naomba yule mtamba mweusi, mwenye paji jeupe na pembe iliyopinda, apewe mdogo wangu Tluway awe wake kabisa, maana ndiye aliyehangaika na ng'ombe wangu miaka yote hii, na ni kijana hodari."

Hilo la hodari nilijiongezea. Nilishaanza, nikaona nimalize.

Baba alilikanda goti lake. Alichukua ugoro, akavuta. Halafu akauliza, "Dada yako kaandika hivyo?"

"Ndiyo, Baba."

"Na pembe kaitaja?"

"Kaitaja."

"Basi. Neno la mwenye ng'ombe ni neno." Akamwita Mama, akasema mbele ya wote, mtamba mweusi ni wa Tluway. Majirani wakanipa mkono. Dada, sitakudanganya tena, nilijiona mrefu kuliko mlingoti wa parokia. Jioni ile nilikwenda kumtazama mle ndani anapolala, nikamwambia sasa wewe ni wangu. Akanipiga mkia usoni.

Jumapili iliyofuata Hamidi alikuja. Baba kamwambia, "Hamidi, kuna barua ya Germana hapa, nisomee tena, huwa inanipendeza nikiisikia mara mbili." Nilikuwa zizini. Niliporudi, Hamidi alikuwa anaikunja, kavua miwani yake ile iliyofungwa uzi. Hakunitazama. Baba akasema kwa upole kabisa, "Tluway, wewe kazi ya kuhesabu inakuchosha. Pumzika. Hamidi atatusomea."

Hakugomba. Hakunipiga. Mtamba hakunipokonya.

Sasa kwenye kigoda cha kulia anakaa Hamidi. Na anavyosoma, Dada, anasoma kama anauza kitambaa, kila neno analinyoosha. Neno galaksi analitamka kwa madaha mpaka wanawake wanaguna. Kanisa zima la Qurus linamsifu Mwislamu kwa habari za mbinguni. Mimi nakaa nyuma kwenye nyasi, karibu na kuku. Nilidhani nakuonea wivu wewe, kumbe ule ulikuwa wa kujifunzia. Wa Hamidi ndio wivu wenyewe.

Usimwambie Baba kwamba umejua. Na usinihurumie.

Mwenye mtamba mmoja,
Tluway


Boston
2 Juni 1985

Tluway,

Salamu. Natumaini mvua zimerudi na wote mnakula.

Nimechelewa kwa sababu nilikuwa na hasira, na hasira ya mbali haina pa kwenda, inazunguka chumbani na mtu. Uliweka maneno kinywani mwangu mbele ya baba yangu. Si mtamba. Ungeniomba zizi zima ningekupa kwa mstari mmoja. Ni kwamba mimi huku sina kingine kinachofika nyumbani isipokuwa maneno, na hayo ndiyo uliyachezea.

Nimeshasema. Sasa nikwambie la pili, ambalo sijawahi kumwambia mtu.

Wewe unanionea wivu kwa sababu Baba ananitaja. Unajua mimi barua zako nazisoma vipi? Natafuta kigoda. Natafuta mahali ulipoandika Baba kalipiga kofi goti lake, kavuta ugoro, Mama kashika taa. Miaka mitatu sijasikia Baba akikohoa. Wewe unamsikia hata usipotaka. Ndama anazaliwa, wewe mikono yako imo ndani yake. Mimi nasikia baada ya karibu miaka miwili, tena kwa kuibiwa. Mara ngapi nimefunga barua yako nikasema, huyu mjinga ana kila kitu na analia. Huo ni wivu, Tluway, tena wa mtu mzima.

Hapa tumebishana mwaka mzima. Tunapiga ramani ya galaksi, na mapengo yanazidi kujitokeza, si moja wala mawili. Wengine wanasema mle ndani hakuna kitu. Wengine wanasema kile kizito kisichong'aa kimebaki mle kwa kiasi chake, ila hakikuwahi kuwasha nyota, kwa hiyo tunapita tukisema ni patupu. Hatujui bado. Siku hizi nikikuta karatasi imebaki nyeupe sisemi haraka kwamba hakuna kitu.

Sikumwandikia Baba kukukana. Sikukuthibitisha pia. Mtamba nimekuacha naye. Kigoda siwezi kukurudishia mimi. Mwombe mwenyewe, kwa mdomo wako, na useme ukweli.

Dada yako,
Germana


Ukingo wa Kreta
18 Agosti 1985

Dada Germana,

Hujambo. Sijambo. Mtamba hajambo, ana mimba.

Siombi. Mtu akiomba kigoda cha kusomea barua si atachekwa mpaka Malambo? Hamidi akae tu, mgongo utamuuma, kigoda kile mguu mmoja ni mfupi na siri ya kukikalia naijua mimi.

Ile ya kwamba unanionea wivu nimeisoma mara nne. Sijui niiweke wapi.

Tluway


Boston
9 Machi 1986

Mdogo wangu,

Heri ya mwaka, ingawa ni Machi. Miezi saba hujaandika. Nimeona nisikusumbue.

Ramani imekamilika, kipande cha kwanza. Nimempelekea Baba nakala moja kupitia sanduku la Hamidi. Haina barua ndani. Ni nukta tu, elfu moja na mia na kitu, kila nukta galaksi moja, na mapengo katikati yake kama mapovu. Nyuma ya karatasi sikuandika neno hata moja.

Hamidi ni msomaji mzuri wa maneno.

Dada yako,
Germana


Qurus
Jumapili, 20 Aprili 1986

Kwa binti yangu Germana,

Mimi baba yako Hhando ni mzima, na mama yako Antonia ni mzima. Goti limepona nusu. Mvua ni nzuri, mahindi yanafika kifuani. Mama anasema urudi na meno yako yote.

Anayeandika ni Tluway. Nimemwambia aandike ninavyosema, hata pale asipopapenda. (Dada, ni kweli, amekaa na fimbo.) Nimemwambia na hilo la fimbo asiandike, kaandika.

Karatasi yako ilifika. Tulikaa, Hamidi akafungua bahasha, akavaa miwani. Akaitazama. Akaigeuza juu chini. Akaigeuza tena. Akasema, "Mzee Hhando, hapa nadhani karatasi imeliwa na mende." Watu wakasema labda ni picha ya ugonjwa wa huko. Mimi nikaichukua, nikaona hizi nukta nimeziona mahali. Nimeziona kwenye miraba ya huyu mtoto, siku zile anazileta nyumbani na mimi namwambia ngoja kwanza. Nikamtuma dereva wa lori la mbao apande nayo habari kreta.

Alikuja kesho yake, akasimama mlangoni. Nikamwambia kaa. Akauliza wapi. Nikamwambia kigoda ni kilekile, mguu hatujautengeneza.

Akaitazama karatasi muda mrefu, mpaka Hamidi akamaliza chai. Halafu akatuonyesha. Akasema hii nukta ni kijiji cha nyota, hii nyingine, na hapa zimejipanga kama nyumbu kando ya maji. Nikamuuliza, sisi tuko wapi? Akaweka kidole kwenye ncha, pale chini kabisa kipande kinapoanzia. Akasema kila kitu hapa kimepimwa kutokea nyumbani. Nikaweka kidole changu pale peupe katikati. Nikauliza, na hapa? Kuna simba?

Akasema, "Hapana, Baba. Nilidhani yupo, nikakosea. Dada anasema hawajui kama ni patupu au pana kitu kisichoonekana. Na mimi sijui."

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza mtoto huyu kuniambia hajui. Nikasubiri.

Akasema, mbele ya Hamidi na majirani, "Baba, yule mtamba Dada hakunipa. Nilijipa."

Nikamwambia najua. Najua tangu siku ile. Ulitaja pembe. Mtamba yule alizaliwa Germana keshapanda ndege, mimi sikumwandikishia mtu habari zake, na wewe kwa wivu wako usingemwandikia. Pembe hiyo angeionaje? Nilitaka tu kuona kama utasema hapana, nikakuuliza mara mbili, ukasema ndiyo mara mbili. Akauliza, "Sasa mbona ulinipa?" Nikamjibu, nilikupa kwa sababu ilikuwa haki yako, na kigoda nilikutoa kwa sababu ulichukua haki yako kwa mdomo wa mwingine. Nimekungoja karibu miaka miwili uje kwa mdomo wako. Una kichwa kigumu, umekirithi kwa nani sijui. (Mama amesema ni kwa Baba mwenyewe. Ameniambia niandike.)

Germana, niliandikisha kwa Hamidi kwamba nimetekeleza neno lako. Ulikaa kimya, nikajua umekubali. Umefanya vizuri.

Sasa sikiliza habari za ng'ombe wako, kwa kuwa wewe unapima vitu. Nilikupa mmoja. Leo wamefika saba, pamoja na mtamba ambaye si wako tena. Katika miaka ile kumi na moja chui alikuja mara mbili, ukame mara tatu, na hakupotea hata mmoja. Hata mmoja. Nilipokuwa nawaambia watu habari zako pale mlangoni, zizi lilikuwa nyuma yangu limejaa, na aliyelijaza alikuwa anakuja jioni na vumbi, namwambia funga mlango. Hilo nalisema mimi, wala hakuliongeza yeye.

Mtamba amezaa, jike. Nimemuuliza anataka nini kingine. Kaomba kurudi kusoma barua zako. Sauti ilikuwa ndogo, nikamwambia arudie. Karudia. Hamidi kasema anamshukuru Mungu, mgongo ulikuwa unamuuma.

Waambie walimu wako wapime vizuri pale peupe, wasiwe na haraka.

Kabla ya kufunga bahasha nimemwambia anisomee yote niliyosema. Amesoma vizuri, sauti yake ya padri. Lakini pale pa ng'ombe saba, pale nilipomsema yeye, amepita haraka akaruka mpaka kwenye mtamba. Mimi herufi sizijui, lakini maneno yangu nayajua. Nimemwambia rudi.

Amerudi. Safari hii amesoma polepole.

Baba yako,
Hhando